Je, Saratani ya Kizazi Huletwa na Virusi? Habari Zake Tangu 1842 Hata Leo

Liko swali ambalo akina mama wa Magomeni huulizana wakitoka kanisani, wala hawaliulizi kwa sauti kubwa: Je, saratani ya mlango wa kizazi ni ugonjwa wa kuambukizwa? Aulizaye aghalabu ana sababu yake. Ama yuko ndugu yake aliyelazwa Ocean Road, ama yuko binti yake ambaye mwalimu wa shule ameleta habari kwamba atachanjwa, naye mama hajui aitikie au akatae. Tena liko swali la pili lililojificha ndani ya lile la kwanza, nalo ndilo linaloumiza moyo: Kama ni ugonjwa wa kuambukizwa, je, mwenye nao amefanya dhambi gani?

Sisi si madaktari, tu walimu tu. Lakini kazi ya mwalimu ni kueleza jambo tangu mwanzo wake, na jambo hili lina mwanzo na lina njia, nayo njia hiyo imepita katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki kupita watu wengi wanavyodhani. Basi twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari hizi taratibu, kisha kila mtu apime mwenyewe.

NYUMBA YA PWANI

Mtu wa Magomeni akipanda basi la mwendokasi pale Mapipa huvuka bonde la Jangwani, akapita kando ya Kariakoo, akashuka Kivukoni mwisho wa safari. Kutoka hapo akiifuata njia ya pwani, bahari ikiwa mkono wake wa kuume, atafika penye nyumba kubwa nyeupe ya zamani. Nyumba hiyo waliijenga Wadachi iwe hospitali, ikafunguliwa mwaka 1897. Leo ndiyo Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyosimamishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, na wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi ndio wengi kuliko wagonjwa wengine wote wafikao pale.

Katika mwaka ule ule wa 1897 alifika Dar es Salaam daktari mmoja wa Kidachi mwenye sifa ulimwenguni kote, jina lake Robert Koch, akakaa hata mwaka 1898 akichungua malaria na homa nyingine za nchi. Huyu ndiye aliyeonyesha mwaka 1882 kwamba kifua kikuu chaletwa na kidudu kidogo kionekanacho kwa darubini tu. Kabla yake watu walisema ni urithi, wengine walisema ni hewa mbaya. Yeye akakionyesha kidudu chenyewe, na ubishi ukaisha.

Lakini viko vitu vidogo kuliko vile vidudu vya Bwana Koch. Wakati yeye yuko pwani yetu, mwaka 1898, Mholanzi mmoja aitwaye Martinus Beijerinck alichukua maji ya majani ya tumbaku yaliyougua, akayachuja katika chujio lenye matundu madogo mno yasiyopitisha kidudu cho chote kilichojulikana. Yale maji yalitoka safi kwa macho, walakini yalipopakwa katika mmea mzima, mmea ukaugua. Mrusi mmoja, Dmitri Ivanovsky, alikuwa ameona ajabu hiyo mwaka 1892. Na mwaka ule ule wa 1898 Bwana Friedrich Loeffler, aliyekuwa zamani msaidizi wa Koch, pamoja na mwenzake Paul Frosch, wakaona mambo hayo hayo katika ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe. Kitu hicho kipitacho katika chujio Beijerinck alikiita virusi. Hapana aliyedhani siku hizo kwamba nyumba aliyofanyia kazi Koch ingekuja kujaa wagonjwa wa kitu cha namna hiyo.

WATAWA WA VERONA

Yatupasa sasa kurudi nyuma kidogo. Katika mji wa Verona, nchi ya Italia, alikuwako daktari mpasuaji aitwaye Domenico Rigoni-Stern. Bwana huyu alikuwa na subira ya kusoma madaftari ya vifo. Akasoma vifo vyote vya mji ule tangu mwaka 1760 hata 1839, akaandika kila aliyekufa kwa saratani, umri wake, na kama alikuwa mke wa mtu, au mjane, au mtawa wa kike. Mwaka 1842 akatoa hesabu yake. Saratani ya kizazi ilikuwa adimu sana kwa watawa, lakini kwa wanawake waliopata kuolewa ilikuwa nyingi. Saratani ya matiti ilikuwa kinyume: watawa ndio walioipata zaidi.

Hesabu hii haikuthibitisha kwamba kuna maambukizo. Ilionyesha tu kwamba liko jambo katika maisha ya ndoa ambalo maradhi haya yalifuata. Lakini ni jambo gani? Ni kuzaa? Ni kuzaa mara nyingi? Ni kitu kitokacho kwa mume? Wataalamu walibishana juu ya hayo kwa zaidi ya miaka mia.

Twaomba msomaji alishike neno moja hapa, kwa maana tutalirudia. Wale waliougua Verona hawakuandikwa kuwa wazinzi. Wameandikwa kuwa wake za watu na wajane.

KUKU NA SUNGURA

Kwa miaka mingi wataalamu wengi walikataa kabisa kwamba saratani yaweza kuletwa na maambukizo. Walisema: Mbona muuguzi hapati saratani kwa mgonjwa wake, wala mke kwa mumewe? Walisema kweli, ila hawakuimaliza kweli yote.

Mwaka 1911 daktari wa New York, jina lake Peyton Rous, alitangaza habari ya kuku mwenye uvimbe. Alikuwa ameusaga uvimbe ule, akauchuja kwa chujio la namna ile ile ya Beijerinck, kisha akawadunga kuku wazima maji yaliyotoka. Nao wakapata uvimbe ule ule. Watu walisema, Ni mambo ya kuku tu. Bwana Rous alingojea miaka 55, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, naye ni mzee wa miaka 87.

Mwaka 1933 mwenzake Richard Shope alichungua sungura wa porini walioota chunjua kubwa kama pembe. Akaona kwamba chunjua zile zaletwa na virusi, na baada ya muda mfupi Rous na wenziwe wakaona kwamba nyingine hugeuka kuwa saratani. Virusi vile vya sungura ni ndugu wa vile tutakavyovitaja mbele, navyo kwa jamii huitwa papiloma.

SAFARI YA BWANA BURKITT

Sasa twafika kwetu. Mwaka 1946 alikuja Uganda mpasuaji wa Ireland, Denis Burkitt, mtu wa imani, na baadaye akafanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto mdogo aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kuume. Baada ya muda mfupi akamwona mtoto mwingine wa namna hiyo katika hospitali nyingine. Akaanza kuuliza na kuandika, na mwaka 1958 akatangaza habari za uvimbe huo, ambao sasa huitwa kwa jina lake.

Burkitt alitaka kujua ugonjwa huu unaanzia wapi na kukomea wapi. Mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, yeye na madaktari wawili, Ted Williams wa hospitali ya misheni ya Kuluva na Cliff Nelson, walipanda motokaa kuukuu, wakasafiri wiki kumi na maili yapata 10,000, wakapita Tanganyika na nchi nyingine hata Afrika ya Kusini, kisha wakarudi. Kila hospitali waliyofika, kubwa kwa ndogo, waliuliza: Mmewaona watoto wa namna hii? Wakakuta kwamba ugonjwa uko mabondeni penye joto na mvua, lakini nyanda za juu zenye baridi hazina. Yaani ulifuata nchi za malaria.

Katika mwaka ule wa 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alikuwa amesema habari zake mbele ya madaktari wa London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwako Anthony Epstein, mchunguzi wa virusi vya kuku wa Rous. Akaomba vipande vya uvimbe vipelekwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye na wenziwe Bert Achong na Yvonne Barr wakaviona virusi ndani ya chembe za uvimbe kwa darubini ya umeme. Hii ndiyo mara ya kwanza virusi kuonekana katika saratani ya binadamu, nao uvimbe wenyewe ulikuwa wa mtoto wa Uganda.

Hapo tena likatokea fumbo. Virusi vile vya Epstein vilionekana baadaye katika damu ya karibu watu wote ulimwenguni, nao wengi hawaugui saratani. Basi ilidhihirika kwamba virusi peke yake haitoshi. Virusi ni kama mbegu, nayo mbegu yataka udongo wake na mvua yake. Katika watoto wale malaria ya mara kwa mara ndiyo iliyoutayarisha udongo. Fundisho hili lililotoka Uganda lilikuja kufaa sana kwa saratani ya mlango wa kizazi.

MSHITAKIWA ASIYE MWENYEWE

Katika miaka ya 1960 madaktari wa Marekani walipima damu za wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, wakaona kwamba wengi wao waliwahi kuambukizwa virusi vingine, vile viletavyo malengelenge sehemu za siri, viitwavyo herpes. Wakasema, Mwizi tumemkamata. Wengi waliamini hivyo kwa miaka kumi na zaidi.

Mdachi mmoja, Harald zur Hausen, hakuridhika. Bwana huyu alikuwa ametangulia kuchungua uvimbe ule ule wa Burkitt, na mwaka 1970 yeye na wenziwe walionyesha kwamba maandishi ya urithi ya virusi vya Epstein yamo ndani ya chembe zake. Basi akawaza hivi: Kama ni herpes aletaye saratani ya mlango wa kizazi, maandishi yake nayo yataonekana ndani ya chembe za saratani hiyo. Akatafuta, asiyaone. Mwaka 1974 alisema hivyo wazi katika mkutano wa wataalamu Marekani, nao wakampokea kwa ubaridi. Lakini yeye aliwakumbuka sungura wa Shope na chunjua zao, akaanza kutafuta virusi vya jamii ya papiloma.

Mwaka 1983, katika mji wa Freiburg, yeye na wanafunzi wake wakaipata aina waliyoipa namba 16, nayo ilikuwamo katika karibu nusu ya saratani walizozipima. Mwaka uliofuata wakapata aina ya 18. Mwaka 2008 Bwana zur Hausen akapewa Tuzo ya Nobel.

Hapa yafaa kumtaja mama mmoja. Alikuwa Mmarekani mweusi, Henrietta Lacks, mke wa mtu na mama wa watoto watano, akafa kwa saratani hiyo katika mji wa Baltimore mwaka 1951, akiwa na miaka 31. Madaktari walichukua chembe za uvimbe wake pasipo kumwuliza, nazo chembe hizo zikaendelea kuishi na kuongezeka katika vyumba vya wachunguzi hata leo. Zilipopimwa na kundi la zur Hausen, aina ya 18 ilikuwamo ndani yake. Mama yule alikuwa amekufa zamani, wala hakujua ni nini kilichomwua.

MASHAHIDI WATATU

Watu wa Biblia wajua kwamba sheria ya kale haikumhukumu mtu kwa shahidi mmoja. Ilidai wawili au watatu. Nasi tumeona jinsi herpes alivyohukumiwa kwa shahidi mmoja tu, kwamba alikutwa njiani. Je, papiloma amepata mashahidi wangapi?

Shahidi wa kwanza ni kule kuonekana kila mahali. Vipande vya saratani hii vilikusanywa kutoka nchi 22, Tanzania na Uganda zikiwamo, vikapimwa kwa uangalifu. Habari zilizotangazwa mwaka 1999 zilisema kwamba virusi vya papiloma vilikuwamo katika sehemu 99.7 kwa mia za saratani zile. Ni nadra sana kuona ugonjwa na kidudu vikifuatana namna hiyo.

Shahidi wa pili ni kazi yenyewe ya virusi. Kila chembe ya mwili ina walinzi wake. Chembe ikiharibika, walinzi huizuia isizaane, au huiamuru ife, ili mwili upone. Aina ya 16 na ya 18 zina vitu viwili ambavyo wataalamu huviita E6 na E7. E6 humwondoa mlinzi mmoja, na E7 humfunga wa pili. Ndipo chembe mbovu huachwa izaane pasipo kukatazwa. Herpes hakuonekana kufanya kazi hiyo.

Shahidi wa tatu ndiye mkubwa, maana ni huyu asemaye: Mwondoe mshitakiwa, uone kama uharibifu utakoma. Chanjo ya kuzuia papiloma ilianza kutolewa kwa watu mwaka 2006. Ilibidi kungoja miaka mingi, kwa sababu saratani hii huja polepole, aghalabu miaka 15 hata 20 tangu kuambukizwa. Mwaka 2020 Waswidi walitoa hesabu zao: wasichana waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka 17 walipungukiwa na saratani ya mlango wa kizazi kwa sehemu 88 katika mia, wakilinganishwa na wasiochanjwa. Mwaka 2021 Waingereza walitoa hesabu iliyokaribiana na hiyo, sehemu 87 katika mia, kwa waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13.

Basi mashahidi ni watatu, nao wapatana. Jibu la swali la kwanza ni hili: Ndiyo, saratani ya mlango wa kizazi huletwa na virusi, na virusi hivyo ni papiloma, ambavyo madaktari huviita kwa kifupi HPV. Viko vya aina zaidi ya 200, vingi havina madhara makubwa, ila aina chache ndizo za hatari, na hizi mbili, 16 na 18, huleta saratani saba katika kila kumi.

KWA NINI SI WOTE WAUGUAO

Lakini tusisahau fundisho la Burkitt. Wanawake wengi sana huambukizwa papiloma katika maisha yao, na wanaume kadhalika. Katika kila kumi waambukizwao, yapata tisa mwili wao huviondoa virusi wenyewe katika muda wa miaka miwili, wala hawajui kwamba waliwahi kuwa navyo. Katika wachache virusi hukaa. Na katika wachache wa hao, baada ya miaka mingi, ndipo saratani huanza.

Viko vitu viutayarishavyo udongo. Kuvuta tumbaku ni kimoja, na kuzaa mara nyingi sana ni cha pili. Lakini kikubwa katika nchi yetu ni UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Virusi vya UKIMWI huvunja askari wa mwili, papiloma ikakaa pasipo kufukuzwa. Mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI ana hatari ya kupata saratani hii mara sita kuliko mwenzake, nayo humjia upesi zaidi. Ndiyo sababu wauguzi huwahimiza wanawake hao wapimwe mara kwa mara, hata kama wajiona wana nguvu.

HABARI YA AIBU

Sasa turudi kwenye swali la pili, lile linaloumiza. Papiloma hupita kwa kukutana mume na mke. Kwa sababu hiyo wako watu wasemao kwamba saratani hii ni mshahara wa uzinzi, na mwanamke aambiwaye kwamba anayo huinamisha kichwa, akanyamaza, hata asimwambie dada yake.

Twasema kwa nguvu zetu zote kwamba neno hilo si la haki. Mwanamke aliyemjua mume mmoja tu maisha yake yote, tena mume wa ndoa, aweza kuipata. Virusi hivi huweza kukaa kimya miaka mingi, na hapana daktari awezaye kusema vilikuja lini wala kwa nani. Wake wa Verona walioandikwa katika madaftari hawakuugua kwa kuwa walikosa, bali kwa kuwa waliolewa. Mtu asiifanye ripoti ya hospitali kuwa hati ya mashitaka juu ya mkewe, wala mke juu ya mumewe.

Tena aibu hii inaua. Katika mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania walipata saratani hii, na zaidi ya 6,500 walikufa kwayo. Wengi wa wafikao Ocean Road hufika wakati ugonjwa umekwisha kutambaa. Walitokwa na damu miezi mingi wasiseme. Wengine walitumia fedha zao zote kwa waganga, kama yule mwanamke wa Injili aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, ambaye naye alikuja kwa nyuma, kwa siri, akigusa vazi tu. Bwana hakumwaibisha. Alimwita binti. Basi sisi ni nani tumwaibishe mgonjwa wa maradhi hayo? Wazee walisema, Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mara nyingi asiyefichua si mwenye kosa. Mwenye kosa ni jirani aliyemtia hofu ya kusema.

SIKI NA SINDANO

Kwa kuwa sababu imejulikana, njia za kuzuia nazo zimejulikana, nazo ni mbili.

Ya kwanza ni kupimwa. Kabla saratani haijawa saratani, chembe za mlango wa kizazi hubadilika kwa miaka mingi. Bwana George Papanicolaou, Mgiriki aliyekaa New York, alionyesha katika mwaka 1928, na tena kwa ukamilifu zaidi katika miaka ya 1940, kwamba chembe hizo zaweza kukwanguliwa na kutazamwa kwa darubini. Lakini darubini na wataalamu wake ni wachache katika nchi zetu. Basi ikapatikana njia nyepesi: muuguzi hupaka mlango wa kizazi siki, siki ya jamii ile tuiwekayo katika kachumbari, akangoja dakika moja. Mahali pabovu hugeuka peupe. Huko Mumbai, nchi ya India, wanawake yapata 150,000 waliingizwa katika jaribio la njia hii kwa miaka mingi, na vifo vya saratani hii vikapungua kwa karibu theluthi moja katika wale waliopimwa. Pale peupe pakionekana, huweza kuondolewa kwa baridi kali au kwa joto, mara nyingi siku ile ile, na mama akarudi nyumbani kwake. Mwanamke aliye na miaka 30 hata 50 asingojee kuumwa ndipo aende. Na yeyote aonaye damu baada ya kukutana na mumewe, au damu katikati ya mwezi, au damu baada ya kukoma hedhi, aende upesi bila kungoja umri wo wote.

Ya pili ni chanjo. Rwanda iliwatangulia wengi katika Afrika, ikaanza kuwachanja wasichana wa nchi nzima mwaka 2011. Kwetu Tanzania ilijaribiwa kwanza Kilimanjaro mwaka 2014, kisha tarehe 10 Aprili 2018 Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa wakati ule Makamu wa Rais, akaizindua kwa nchi nzima katika uwanja wa Zakhem, Mbagala, hapa hapa Dar es Salaam. Mwanzoni walichanjwa wasichana wa miaka 14, sindano mbili. Lakini wachunguzi walifanya kazi Mwanza na wasichana 930, na Kenya na wanawake vijana 2,275, wakaona kwamba sindano moja yatosha kuleta kinga njema. Basi tangu Aprili 2024 serikali ikaamuru sindano moja, kwa wasichana wa miaka 9 hata 14.

Wazazi wengine huuliza, Mtoto wa miaka tisa hana habari za mume, kwa nini achanjwe? Twajibu kwamba ndiyo sababu yenyewe. Chanjo huzuia virusi visiingie, haiviondoi vikiisha kuingia. Mwenye ng'ombe hujenga boma kabla simba hajafika. Wala kumchanja mtoto si kumruhusu mabaya, kama vile babu zetu waliochanjwa ndui hawakuruhusiwa kwenda kulala na wenye ndui.

Wengine husikia kwamba chanjo hii huwafanya wasichana wawe tasa. Neno hilo limepimwa na Shirika la Afya Ulimwenguni, na ushahidi wake haukuonekana. Ndani ya chanjo hamna virusi vizima. Yaliyomo ni maganda matupu, mfano wa ganda la yai lisilo na kiini, ili askari wa mwili wamjue adui kwa sura kabla hajaja. Lakini ugonjwa wenyewe ndio unaotasisha, kwa maana mwanamke aliyekatwa kizazi au kuchomwa kwa mionzi ili aokolewe hatazaa tena. Mzazi aogopaye utasa na auogope ule wa kweli.

Wala aliyechanjwa asidhani kwamba hana haja ya kupimwa akiwa mtu mzima, kwa maana chanjo haizuii aina zote za hatari. Sindano na siki vyafanya kazi pamoja.

MWISHO

Ndugu wasomaji, tumeanza kwa madaftari ya vifo ya Verona, tukapita kwa kuku na sungura, tukaingia katika motokaa kuukuu ya Burkitt, tukafika Freiburg, na tena tumerudi Mbagala na Magomeni. Kazi hii ilichukua zaidi ya miaka 150, na wengi waliokufa katikati yake hawakujua jina la adui wao. Sisi twalijua.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Ulimwenguni liliziwekea nchi zote shabaha ya mwaka 2030: kila wasichana mia, tisini wawe wamechanjwa, kila wanawake mia, sabini wawe wamepimwa, na kila wenye ugonjwa mia, tisini watibiwe. Hesabu hizo haziwezi kutimizwa na serikali peke yake. Zinatimizwa nyumba kwa nyumba, na baba atiaye saini karatasi ya shule pasipo kungoja uvumi uishe, na mama amwambiaye jirani yake, Twende wote nami nitapimwa, na mzee wa kanisa amtembeleaye mgonjwa bila kuuliza aliupata wapi.

Basi mama wa Magomeni aliyetuuliza, jibu letu ni hili. Ndiyo, ni maambukizo. La, si hukumu ya dhambi. Na binti yako, mwitikie achanjwe, kisha nawe mwenyewe usichelewe kwenda.